Vijiti Saba: Historia ya Tarakimu za Mashine na Wajibu wa Mwalimu

Upo mwandiko mmoja ambao wanafunzi wetu wa Kasese na Bwera huuona kila siku, na ambao sisi walimu wao hatujapata kuufundisha. Haumo katika vitabu vya hati, wala hauulizwi katika mitihani. Ni mwandiko wa tarakimu zionekanazo katika pampu ya petroli, katika mizani ya mnunuzi wa kahawa, katika mashine ya hesabu ya mwenye duka, na katika saa ya mkono ya bei nafuu. Tarakimu hizo zina pembe mahali ambapo zetu zina mviringo: 4 yake iko wazi juu, 0 yake ni mstatili, na 8 yake ni masanduku mawili yaliyopandana. Umbo hilo sasa limeingia hata katika kadi za arusi na mabango ya muziki, ambako hakuna mashine yoyote ndani yake.

Katika makala haya tungependa kueleza asili ya mwandiko huo, jinsi ulivyofika chini ya milima ya Ruwenzori, na kwa nini twaona kuwa kuusoma sawasawa ni jambo la haki, wala si la mapambo peke yake.

Jinsi tarakimu zinavyojengwa

Msomaji na achukue njiti saba za kiberiti. Moja ailaze juu, moja kati, na moja chini. Mbili azisimamishe upande wa kushoto, moja juu ya nyingine, na mbili upande wa kulia vivyo hivyo. Hapo ameunda 8. Akiondoa njiti ya kati, apata 0. Akibakiza mbili za kulia tu, apata 1. Akiongeza ya juu, apata 7. Kwa njia hiyo tarakimu zote kumi hupatikana bila kuongeza njiti ya nane. Hiyo ndiyo siri nzima ya mwandiko huu: umbo moja halibadiliki, ila sehemu zake huwaka au huzimika.

Hesabu yake ni fupi. Kwa kuwa kila kijiti kina hali mbili tu, kuwaka na kuzima, vijiti saba hutoa mipangilio 128. Katika hiyo, kumi tu ndiyo tunayoiita tarakimu. Nyingine zote ni maumbo yasiyo na maana, isipokuwa machache tutakayoyataja baadaye.

Kwa nini watu wakaacha tarakimu nzuri za mviringo, zilizosafishwa na waandishi na wachapaji kwa karne nyingi, wakachukua hizi? Jibu ni ubanifu. Mashine haina mkono. Kila mstari inaouchora lazima uwe na waya wake, na kila waya una gharama. Aliyeweza kuandika tarakimu zote kwa nyaya saba alimshinda aliyehitaji nyingi zaidi. Mwandiko huu ulizaliwa katika uchache, wala haukubuniwa na msanii aliyetaka kuonyesha mambo ya baadaye.

Kutoka simu ya maandishi hadi saa ya mkono

Watu wengi hudhani kwamba tarakimu hizi ni za zama za kompyuta. Sivyo. Mwaka 1903 Mmarekani Carl Kinsley aliomba hataza ya njia ya kupeleka herufi na tarakimu kwa simu ya maandishi na kuzichapa katika utepe kwa vipande vipande. Mwaka 1908 F. W. Wood alibuni umbo la vijiti vinane, ambamo 4 ilipewa mstari wa mshazari ili ifanane na ile ya mkono. Mwaka 1910 tarakimu za vijiti saba, zilizowashwa kwa balbu za kawaida, zilitumika katika ubao wa ishara wa chumba cha matangi ya mvuke katika kituo cha umeme. Kwa hiyo wazo hili lina umri wa zaidi ya karne moja.

Hata hivyo wazo lilikaa miaka mingi bila kuenea, kwa sababu balbu hula umeme mwingi, hutoa joto, na huungua upesi. Kati ya miaka ya 1950 na 1960 mashine nyingi za kupimia zilitumia mirija ya kioo iliyokuwa na tarakimu kumi za waya, moja nyuma ya nyingine, kila moja na umbo lake kamili la mviringo. Mirija hiyo ilipendeza macho, lakini ilihitaji umeme wa nguvu na ilivunjika kwa urahisi.

Mabadiliko yalikuja mwaka 1962, Nick Holonyak alipotengeneza diodi itoayo nuru nyekundu ionekanayo kwa macho. Taa hiyo ilikuwa ndogo kama punje, haikuwa na waya wa kuungua, na ilidumu. Miaka kumi baadaye, mwaka 1972, kampuni ya Hewlett-Packard ilitoa mashine ya hesabu ya mfukoni iitwayo HP-35, yenye tarakimu nyekundu, kwa dola 395. Mwaka huo huo saa ya mkono iitwayo Pulsar iliuzwa Marekani kwa dola 2,100. Mvaaji alilazimika kubonyeza kitufe ili aone saa, kwa maana taa zingaliachwa zikiwaka betri ingalikwisha upesi.

Dawa ya tatizo hilo ilikwisha kupatikana. Mwishoni mwa mwaka 1970, huko Basel, Uswisi, Martin Schadt na Wolfgang Helfrich walivumbua njia ya kutumia fuwele oevu, yaani kitu kilicho kati ya maji na jiwe, ambacho umeme kidogo sana hukifanya kizuie nuru au kiipitishe. Kijiti cha fuwele oevu hakiwaki; hugeuka cheusi tu, na nuru ya jua yatosha kukionyesha. Mwaka 1973 Seiko ya Japani ilitoa saa ya namna hiyo yenye tarakimu sita, na Sharp ikatoa mashine ya hesabu. Tangu hapo bei ilishuka mwaka hadi mwaka. Saa ya Casio F-91W, iliyotolewa mwaka 1989, ilifika hata mikononi mwa vijana ambao baba zao hawakupata kumiliki saa.

Mwandiko unafika Kasese

Nchi ya Kasese imekuzwa na vitu vipimwavyo. Reli ilifika hapa mwaka 1956, ikifuata shaba ya Kilembe. Chumvi ya ziwa Katwe ilikuwa ikichimbwa na kuuzwa tangu zamani kabla ya reli. Saruji ya Hima, pamba ya tambarare, na kahawa ya miteremko ya mlima, ikiwa pamoja na ile ya Mahango, zote huuzwa kwa kilo au kwa mfuko. Wachimba madini na wafanya kazi wa reli walitoka katika makabila mengi, na Kiswahili kikawa mojawapo ya lugha za kuelewana kazini. Kule Bwera, katika soko la Mpondwe mpakani mwa Kongo, Kiswahili bado chakutanisha Wakonzo na jamaa zao Wanande, pamoja na wachuuzi wa pande zote mbili.

Mizani za zamani zilikuwa za mshale au za jiwe. Asiyejua kusoma aliweza kuuona mshale ukipanda, akajua kuwa mzigo huu ni mzito kuliko ule. Mizani mpya haina mshale. Yasema tarakimu, kisha yanyamaza. Asiyeisoma hana njia nyingine ya kuona. Hapo ndipo mwandiko wa vijiti saba ulipogeuka kuwa jambo la riziki.

Faida yake nayo si haba. Sokoni Mpondwe mashine ya hesabu hupita mkononi mwa muuzaji ikaenda kwa mnunuzi na kurudi. Mmoja aandika bei yake, mwingine aifuta na kuandika yake. Hata kama Kiswahili cha mmoja ni cha Kongo na cha mwingine ni cha kubahatisha, tarakimu zile wote wawili wazisoma. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa wengi mashine hiyo ndogo imekuwa nusu ya daftari.

Gunia la mama mmoja

Tunakumbuka siku moja tulipokuwa katika ghala la mnunuzi wa kahawa, ambalo hatutalitaja jina. Magunia ya asubuhi yalikuwa ya kilo hamsini na kitu au sitini na kitu, na kazi ilikwenda vizuri. Akaja mama mmoja kutoka mlimani na gunia kubwa la kahawa kavu. Mizani ikaonyesha 63. Yule mama akakataa. Alisema kwamba vijana wawili walishindana kulibeba, na kwamba gunia la jirani yake lililopata 61 lilibebwa na kijana mmoja huku akipiga mluzi.

Karani hakuwa mtu mwovu. Alileta mfuko wa saruji ambao haujafunguliwa, akauweka. Mizani ikaonyesha 50. Watu wakasema mizani ni nzima, na mama akaombwa atie kidole gumba katika karatasi.

Mwenzetu mmoja, mwalimu wa hesabu, aliomba mizani izimwe na kuwashwa tena. Mizani nyingi za namna hiyo, zikiwashwa, huonyesha 8 katika kila nafasi kwa nukta chache kabla ya kurudi kwenye sifuri. Ile ilipowaka, nafasi zote zilionyesha 8 ila ya makumi, iliyoonyesha 6. Kijiti cha juu kulia kilikuwa kimekufa. Gunia la mama yule lilikuwa na kilo 83.

Msomaji atazame jinsi kosa lile lilivyojificha. Tarakimu 5 na 6 hazikihitaji kijiti kilichokufa. Kwa hiyo magunia yote ya asubuhi yalisomwa sawasawa, na mfuko wa saruji wa kilo 50 nao ukatoa ushahidi wa kweli kuhusu jambo lisilohusika. Ingalitokea 3 au 4 katika nafasi ile, ingalionekana imevunjika, na watu wangalishtuka. Lakini 8 ikikosa kijiti kile hugeuka 6 kamili, isiyo na kovu. Vivyo hivyo 9 hugeuka 5. Na kijiti kingine kikifa, 8 yaweza kuwa 9 au 0, 6 ikawa 5, 9 ikawa 3, na 7 ikawa 1. Katika hati ya mkono kosa huonekana kama kosa. Katika mwandiko huu kosa laweza kuvaa nguo za ukweli.

Kilo ishirini za kahawa kavu si kitu cha kupuuza katika nyumba yenye watoto wa kulipiwa karo. Mama yule aliokolewa na mashaka yake mwenyewe, na mtu mmoja aliyejua kwamba 8 ndiyo tarakimu pekee iwashayo vijiti vyote. Elimu hiyo yatosha kufundishwa kwa dakika kumi. Sisi hatukuwa tumeifundisha.

Mwandiko usioweza Kiswahili

Tulisema kwamba baadhi ya mipangilio ya vijiti yaweza kuwa herufi. Mashine hutumia chache kutoa habari fupi, kama E ya kuonyesha kosa. Tukijaribu kuandika lugha yetu kwa vijiti saba, twaona jambo la ajabu. Neno PESA laandikika, na CHAI, na ASANTE, na UHURU, ilimradi tukubali kuchanganya herufi kubwa na ndogo. Lakini K haipatikani, wala M, wala V, wala W, kwa kuwa zote zahitaji mshazari au mguu wa tatu. Maana yake ni kwamba ngeli ya M-WA haiandikiki, na ngeli ya KI-VI pia haiandikiki. Katika mwandiko huu hakuna mtu wala kitu! Majina ya Kasese, Bwera, Mahango na Mpondwe yote yashindikana. Lhubiriha peke yake, jina refu na gumu kwa wageni, laandikika lote bila taabu.

Zaidi ya hayo, S haitofautiki na 5, wala Z na 2, wala B na 8. Wanafunzi walikwisha kuigundua siri hiyo katika mchezo wao. Huandika 138 katika mashine ya hesabu, wakaipindua juu chini, wakasoma BEI. Na 1818 ikipinduliwa husomeka BIBI. Mchezo huo tusiukemee. Mtoto aliyeucheza amekwisha kuelewa kwamba tarakimu ni umbo kabla ya kuwa thamani.

Wahandisi nao waliuona upungufu huo. Ndipo wakatengeneza maumbo ya vijiti 14 na 16, yenye mishazari katikati, ambayo huandika alfabeti nzima, na baadaye vioo vya nukta nyingi ambavyo huchora herufi yoyote. Simu za leo zina nukta nyingi kiasi kwamba jicho halizioni. Kwa hiyo sharti lililouzaa mwandiko wa vijiti saba limekwisha ondoka katika vyombo vingi.

Saa isemayo nusu

Jambo jingine lahusu saa. Msemaji wa Kiswahili aionapo saa ya mishale yenye mshale mfupi kwenye 7, jicho lake huvuka upande wa pili hadi 1, akasema saa moja. Tarakimu za vijiti hazina upande wa pili. Zaandika 7:00, na msomaji lazima atoe sita moyoni mwake. Mtoto aliyezoea saa ya mishale hupotea hapo.

Huku kwetu pana utata zaidi. Saa ya Afrika Mashariki hufuata longitudo ya 45 mashariki, ilhali Kasese iko karibu na longitudo ya 30. Ndiyo sababu jua letu huchomoza karibu na 7:00, wala si 6:00 kama hesabu ya Waswahili wa pwani itakavyo. Ukivuka mpaka kutoka Mpondwe kwenda Kasindi, saa hurudi nyuma kwa saa moja, ikalingana na jua. Watu wawili waweza kusimama hatua chache kutoka kila mmoja, mmoja asoma 9:00 na mwingine 8:00, na wote wakasema kweli. Tarakimu ni zile zile. Desturi ya kuzisoma ndiyo itofautianayo.

Kutoka chombo hadi pambo

Yatubakia kueleza jinsi umbo hili lilivyogeuka kuwa mtindo wa chapa. Mwaka 1967 Mholanzi Wim Crouwel alibuni alfabeti yenye mistari ya wima na ya mlalo tu, ili kulingana na vioo vya mashine za wakati ule, ambavyo viliharibu mviringo. Mwaka 1970 ilitoka chapa ya Data 70, ya Bob Newman, iliyoiga tarakimu za wino wa sumaku tuzionazo chini ya hundi za benki. Tangu hapo wachapaji wakajua kwamba herufi za mashine zaweza kuuza bidhaa zisizohusiana na mashine. Leo zipo fonti nyingi za vijiti saba na 14, nyingine kama DSEG zikigawiwa bure, na yeyote mwenye kompyuta aweza kuzitumia.

Matumizi yake yamekuwa mengi: mabango ya muziki, matangazo ya michezo, hesabu ya siku zilizobakia kabla ya sherehe, na filamu ambamo saa ya hatari yahesabu kurudi nyuma. Kwa kizazi cha kwanza umbo hilo lilimaanisha mambo yajayo. Kwa wajukuu wao lamaanisha mambo yaliyopita, kama santuri na kanda za kaseti. Ni nadra mwandiko kubadili maana yake hivyo katika muda wa maisha ya mtu mmoja.

Wanafunzi wetu wapendao kuchora mabango twawashauri mambo machache. Kwanza, umbo hili latosha kwa tarakimu na maneno mafupi. Ukurasa mzima wa vijiti huchosha macho. Pili, wakitaka lifanane na chombo cha kweli, waandike kwanza 88:88 kwa rangi hafifu, kisha juu yake tarakimu wazitakazo kwa rangi kali, ili vijiti vilivyozimwa vionekane kwa mbali kama vionekanavyo katika kioo cha saa. Tatu, wazilaze tarakimu kidogo upande wa kulia, kama vyombo vingi vifanyavyo. Nne, na hili ndilo kubwa, wasiutumie kamwe mwandiko huu mahali ambapo kukosea kuna madhara: kipimo cha dawa, nambari ya simu, au bei.

Pendekezo letu

Mwaka 2022 baraza la mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kifundishwe kama somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Sisi walimu tumelifurahia jambo hilo, na twazungumza sana juu ya ushairi, sarufi na fasihi simulizi. Twaomba katika mazungumzo hayo yapatikane nafasi ndogo ya tarakimu za vijiti. Somo lake halihitaji kitabu wala umeme. Lahitaji njiti za kiberiti. Mwanafunzi aunde tarakimu zote kumi, na akihesabu atapata kuwa njiti 49 zatosha. Kisha aondoe njiti moja moja na kusema kila tarakimu imegeuka nini. Halafu asome 7:00 kwa Kiswahili. Mwishoni aagizwe kwamba akienda na mzazi wake kupima kahawa, aombe mizani izimwe na kuwashwa, naye atazame kama nane zote ni nane.

Tulipomweleza yule mama wa gunia jinsi kosa lilivyopatikana, hakuuliza habari za umeme wala fuwele. Aliuliza kama magunia yake ya mwaka uliopita nayo yalipimwa katika mizani ile ile. Hakuna aliyekuwa na jibu la kumpa.